Kalamu ya Kila Mkono

Duka la vifaa vya elektroniki lilikuwa limefurika Jumamosi ile, watu wakipigana vikumbo mbele ya meza za maonyesho, na Mashoto alikuwa kwenye meza ya vishikwambi akigombana na kioo cha kimojawapo. Alivaa gauni la samawati lenye mifuko mikubwa pembeni, na mifuko yenyewe ilijaa penseli na vifutio, maana kazi yake ilikuwa kuchora picha za vitabu vya shule na penseli zilimfuata kila alikokwenda. Shirika la uchapishaji lililomwajiri lilitaka wachoraji wake waachane na karatasi, naye alikuja kujionea kabla hajatoa neno. Akachora mbuzi. Kiganja chake cha kushoto kilipoegemea kioo, mbuzi akaota mguu wa tano, kisha wa sita, halafu ukurasa mzima ukakimbilia pembeni kama uliotishwa.

"Ukigeuza mkono kidogo kitatulia," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake.

Mashoto hakuangalia nyuma. "Nimeambiwa nigeuze mkono tangu darasa la kwanza," alisema. "Safari hii kigeuke chenyewe."

Mwanamume akacheka, na kicheko chake hakikuwa cha dharau, ndiyo sababu Mashoto akageuka. Alimwona kijana mrefu, mwembamba, shati jeupe limekunjwa mikono hadi viwikoni, miwani imemteleza puani. Alijieleza bila kuulizwa. Alikuwa injinia katika kampuni iliyotengeneza kifaa kile, na Jumamosi alipenda kuja dukani kusimama nyuma ya watu aone wanakwama wapi. Alisema amewaona wengi wanaotumia mkono wa kushoto wakijaribu, wakiharibu, wakiondoka kimya kimya kana kwamba waliokosea ni wao.

"Wewe ndiye wa kwanza kukigombeza," alisema.

"Basi mbuzi wangu ana kesi na wewe."

Walisimama pale wakizungumza mpaka mhudumu wa duka akawaomba wawapishe wengine. Injinia alimwambia toleo la tatu liko njiani na angependa sana mkono wake ulijaribu. Akamwomba namba. Mashoto akaiandika kwenye kioo kile kile, kwa mkono ule ule, namba ikatoka imepindapinda kama njia ya mchwa, akamwambia akiweza kuisoma apige. Hakuwa amefika nyumbani simu ilipolia. Injinia alikuwa amekwisha kuwapigia watu wengine kwa kukosea, na mmoja wao, fundi wa magari, alikuwa amemtukana vibaya.

Mashoto halikuwa jina alilopewa na wazazi. Watoto wenzake ndio waliombandika, kumcheka. Mama yake alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na ingawa sasa alikuwa amestaafu, mtaa mzima uliendelea kumwita Mwalimu. Mwanawe alipoanza kushika penseli na mkono wa kushoto, Mwalimu aliufunga mkono ule kwa kitambaa kwenye mguu wa kiti ili ajifunze kuandika na wa kulia kama wenzake. Mtoto aliandika na wa kulia, machozi yakimdondokea daftarini, na mama akienda jikoni alilifungua fundo kwa meno, akachora na wa kushoto mpaka aliposikia kandambili zinarudi. Alipofika sekondari akaanza kujiita Mashoto mwenyewe, kwa sauti, kabla mtu hajamwita, na kuanzia hapo tusi likakosa makali. Huyo ndiye mtu aliyepanda ngazi za kampuni Jumatatu iliyofuata, baada ya kazi, kidevu juu.

Karakana ilikuwa orofa ya mwisho, chumba kirefu chenye madirisha makubwa na meza zilizotapakaa vioo vilivyofunguliwa migongo. Injinia alimwonyesha toleo la tatu kwa fahari ya baba mwenye mtoto mchanga. Kioo chake hakikung'aa, hivyo mtu aliweza kusoma hata akiketi dirishani penye jua. Betri yake ilitosha kutwa nzima ya shule. Kalamu ilihisi mkono: ukiikandamiza mstari unanenepa, ukiilegeza unakonda. Vyote hivyo vilikuwa tayari. Kilichomkosesha raha ni kiganja. Kifaa kilipaswa kujua ipi ni ncha ya kalamu na kipi ni kiganja kilichoegemea tu, lakini kilikuwa kimefundishwa na watu wa mkono wa kulia. Kiganja kikitokea upande wa pili, kilidhani ni mtu mwingine anachora.

"Na hivi vinakwenda wapi?" Mashoto aliuliza.

"Shuleni. Madarasa ya chini."

Mashoto akavuta kiti, akakaa, akachukua kalamu.

Ikawa ndiyo desturi yao. Akitoka kazini alipita karakana, akachora huku kifaa kikirekodi kila mguso wake ili kijifunze. Injinia alimwambia kwamba sasa mkono wake umekuwa mwalimu wa mashine, naye akajibu kwamba mashine isiyomwamkia mwalimu wake akiingia haina adabu. Siku iliyofuata alipofungua mlango, vishikwambi vyote mezani vilisema "shikamoo" kwa pamoja. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Injinia, aliyejitia hamnazo nyuma ya meza yake, masikio yalimwiva.

Mchana simu zilianza. Injinia alimpigia kila ilipofika saa ya chakula, kumuuliza kama amekula, na yeye mwenyewe akizungumza mdomo umejaa.

"Mpenzi, umekula?" aliuliza siku moja, na neno lile la kwanza lilikuwa limemponyoka.

Mashoto aliliacha lining'inie kidogo amtese. "Nimekula," akasema mwishowe. "Na huyo mpenzi wako naye amekula."

Kuna alasiri moja mvua ilinyesha mpaka barabara ikawa haipitiki, wakabaki karakana peke yao. Mashoto alimwambia Injinia akae atulie, asipepese, anataka kumchora. Akaegemeza kiganja kwenye kioo bila woga, na kwa mara ya kwanza hakikutokea kitu ambacho hakukichora yeye. Mstari ulikwenda alikoutuma. Nyusi, pua, miwani iliyoteleza, kovu dogo kidevuni. Alipomaliza alimgeuzia kioo. Injinia alisukuma miwani juu, akaitazama sura yake.

"Ndivyo unavyoniona?"

"Ndivyo ulivyo. Mimi nimechora tu."

Injinia aliuchukua mkono wake wa kushoto, mkono uliofungwa kitini utotoni, akaubusu pale kifundoni. Mvua iliendelea kunyesha na hakuna aliyeuliza itakatika lini.

Mkurugenzi wa masoko alikuwa mwanamke wa suti zilizomkaa vizuri na sauti laini, asiyesikika akifoka hata alipokuwa amekasirika. Alipanda karakana siku moja, akamwona Mashoto akichora, akasema ndicho kitu alichokuwa akikitafuta. Mkono ule ukapigwa picha, ukakuzwa, ukabandikwa kwenye mabango makubwa barabarani ukiwa umeshika kalamu ya toleo la tatu. Chini yake maneno yaliandikwa: Kalamu ya kila mkono. Mashoto aliombwa siku ya uzinduzi apande jukwaani achore mbele ya watu, akakubali kwa moyo mweupe.

Mama yake alipoliona bango mara ya kwanza alisimama njiani na kikapu chake, akaliangalia mpaka watu wakaanza kumpita pembeni. Jioni alisema tu kwamba kucha zile zingependeza zaidi kama zingepakwa rangi. Kwa Mwalimu, hayo yalikuwa mengi.

Siku moja kabla ya uzinduzi walifanya mazoezi kwenye ukumbi wa mikutano. Mafundi walikuwa wakivuta nyaya, wengine wakipanga viti. Mashoto alipewa kishikwambi kilichokamilika, cha kuuzwa, kikiwa bado kinanukia upya. Akaanza kuchora uso, na jicho moja likazaa mengine pembeni yake. Akafuta, akarudia, ukurasa ukamkimbia. Alidhani kile ni kibovu, akaomba kingine, nacho kikafanya vile vile.

Mkurugenzi alimshika bega akamvuta pembeni. Alimwambia asijali. Kesho atachezesha mkono tu juu ya kioo, na picha yenyewe itatoka kwenye rekodi. Wana rekodi nzuri sana. Akawapungia mafundi, na kwenye skrini kuu nyuma ya jukwaa mstari ukaanza kutembea wenyewe: nyusi, pua, miwani iliyoteleza, kovu dogo kidevuni.

Mashoto alihisi kama aliyevuliwa nguo sokoni. Fundi mmoja alisema kwa mzaha kwamba huyo anafanana na Injinia wetu, wengine wakacheka.

"Kwa nini mkono wangu haufanyi kazi?" aliuliza.

Mkurugenzi alimweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Sehemu ya kutambua kiganja cha kushoto haikuwa imekamilisha majaribio, tarehe ya uzinduzi haiwezi kusogezwa, kwa hiyo wameiondoa. Itarudishwa baadaye kwenye sasisho la programu.

"Na bango?"

"Bango ni ahadi, mdogo wangu. Ahadi hutimizwa polepole."

"Mtoto atakayepewa hiki darasani kabla haijatimizwa afanye nini?"

"Atatumia wa kulia kwa muda. Watoto huzoea upesi."

Mashoto alimrudishia kalamu. Alikwenda nyuma ya jukwaa akamkuta Injinia amechuchumaa kati ya masanduku ya nyaya, na Injinia alipouona uso wake alisimama pole pole.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu walipoamua. Nilipinga, wakanishinda. Nikawa natafuta namna ya kukwambia."

"Na picha ile umewapa wewe?"

Alikana. Alisema rekodi zote za majaribio hukaa kwenye hifadhi ya kampuni, yeyote mwenye ruhusa anaweza kuzichukua, na hata yeye ameiona kwenye skrini leo tu, kama Mashoto. Lakini Mashoto masikio yalikuwa yamekwisha kuziba.

"Kila mchana umenipigia ukaniuliza kama nimekula," alisema. "Hukupata nafasi hata ya kulipenyeza hilo katikati ya tonge?"

Injinia alinyoosha mkono kumshika. Mashoto akautia wake mfukoni, akampa kisogo, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nyumbani alimkuta mama yake anapiga pasi. Alimsimulia yote amesimama, hata viatu hajavua. Mwalimu alisikiliza bila kuinua macho, kisha akasema maneno aliyotarajiwa kuyasema: kazi nzuri hazipatikani kila siku, watu wakubwa hawapendi kuaibishwa, apande, achezeshe mkono, ashuke, yaishe. Au achore na wa kulia. Wa kulia nao si ni wake.

"Ni wangu, mama," Mashoto alisema. "Lakini sikuutaka ukae mahali pa mwenzake. Ulikalishwa kwa nguvu."

Pasi ilisimama, ikaendelea.

"Sijaja kugombana na wewe," Mashoto aliendelea, sauti imeshuka. "Kesho nitapanda. Ukitaka kuja, njoo. Ila usije kunifunga."

Akaingia chumbani. Simu ililia, ikakatika, ikalia tena, na kila mara kwenye kioo lilisomeka jina lile lile. Mwishowe akaipokea ili ikome.

"Sikuigawa ile picha," Injinia alisema. "Naapa."

"Na kuninyamazia?"



"Hilo nilifanya."

"Afadhali hilo hujalikana," Mashoto alisema, akakata simu.

Mkurugenzi naye alipopiga kuhakikisha, alijibiwa kwa neno moja, kwamba atapanda. Akashukuru, akaridhika. Na Mashoto alipotoka chumbani akachukue maji, aliliona gauni lake jekundu limetundikwa mlangoni, limepigwa pasi likanyooka kama karatasi mpya.

Ukumbi ulijaa siku ya pili yake: waandishi wa habari na kamera zao, walimu wakuu, maofisa wa elimu, wenye maduka. Mwalimu alikaa safu za mbele, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Pembeni ya jukwaa, nyuma ya meza ya mitambo inayopeleka picha kwenye skrini kuu, alikaa Injinia, macho mekundu, shati lile lile la jana. Mashoto alipita karibu yake na gauni lake jekundu bila kumwangalia.

Mkurugenzi alizungumza vizuri. Alionyesha kioo kisichong'aa, akakimwagia maji kikapona, akakiangusha kikadunda. Akaeleza betri, akaeleza kamera. Alipofika kwenye kalamu aliwaambia sasa watauona mkono ambao wote wameupita barabarani. Makofi yakapigwa. Mashoto akapanda, akaketi, akaishika kalamu.

Mstari ulianza kutembea kwenye skrini. Aliufuata kwa mkono wake, nyusi ya kwanza, nyusi ya pili. Kisha akailaza kalamu mezani. Akanyanyua mkono wake wa kushoto juu ya kichwa, vidole vimeachana, akatulia hivyo.

Nyuma yake picha iliendelea kujichora. Pua ikatokea, miwani ikatokea. Kwenye kona moja mtu alicheka, akidhani ni mchezo. Halafu mnong'ono ukaenea safu hadi safu, na kovu la kidevuni lilipotokea ukumbi wote ulikuwa kimya, watu wakiangalia mkono uliosimama na picha inayokwenda.

Mkurugenzi alimpungia Injinia kutoka upande wa pili: azime. Lilikuwa jambo la kubonyeza tu. Skrini ingekuwa nyeusi, ingesemwa ni hitilafu ya umeme, na kila mtu angekwenda nyumbani na kazi yake. Injinia alimtazama Mkurugenzi, akamtazama yule mwanamke mwenye gauni jekundu. Akabonyeza. Sura yake mwenyewe ikatoweka kwenye skrini, na mahali pake ukaja ukurasa mweupe, mtupu. Alikuwa ameiunganisha skrini kuu na kishikwambi kilichokuwa mbele ya Mashoto.

Mashoto aliona. Akageuza kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu jana macho yao yakakutana. Kisha akachukua kalamu, akaegemeza kiganja, akaanza kuandika herufi za darasa la kwanza. A ikaota mkia. E ikamezwa na doa. Alipofika kwenye i ukurasa ukakimbia wote, akaurudisha, ukakimbia tena, mbele ya kamera zote.

Walinzi walianza kupanda ngazi za jukwaa.

"Mwacheni amalize."

Sauti ilitoka safu za mbele. Mwalimu alikuwa amesimama, mkoba mkononi, na sauti yake ilikuwa ile iliyokuwa ikinyamazisha darasa zima bila kupandishwa. Walinzi, watu wazima wenye ndevu, walisimama pale pale walipo.

Mashoto alivuta kipaza sauti. "Mkono ulioko kwenye mabango ni wangu," alisema. "Kifaa hiki hakiutambui. Mtoto wa mkono huu akipewa hiki darasani, ataambiwa ageuze mkono. Mimi nilishaambiwa. Sitakuwa mimi wa kumwambia mwingine."

Injinia aliondoka kwenye mitambo, akapanda jukwaani, akasimama karibu naye lakini si karibu sana, kama mtu asiyejua kama bado ana ruhusa. Alisema yeye ndiye aliyeitengeneza sehemu iliyoondolewa, kwamba alilosema dada huyu ni kweli, na kwamba maneno ya bango ni ya uongo mpaka itakaporudishwa. Alilisema bila mbwembwe. Kamera zikamgeukia yeye.

Alifukuzwa kazi kabla wageni hawajamaliza kutoka. Mashoto na mama yake walikuwa wamefika kwenye maegesho alipowafuata, koti begani. Mwalimu alimtupia jicho moja, akakumbuka ghafla kwamba ana haraka, akatangulia.

"Asante kwa kutozima," Mashoto alisema.

"Basi tumeelewana?"

"Yale uliwaambia wao. Mimi ulipaswa kuniambia kabla."

Injinia alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa ikiwa chafu vile vile. Alisema aliogopa. Aliogopa kwamba Mashoto akijua kazi yao imeondolewa, hatakuwa tena na sababu ya kuja karakana.

Mashoto alimtazama kwa hasira iliyochanganyika na kitu kingine. "Ulidhani napanda ngazi zote zile kwa ajili ya kioo?"

"Hukuwahi kusema."

"Nilikuchora," Mashoto alisema. "Ulitaka niseme vipi tena?"

Mashoto alimwacha pale akamfuata mama yake. Mapenzi yalikuwepo bado, yamemkaa kifuani kama tofali la moto, lakini hasira nayo ilitaka muda wake, na hakuona sababu ya kuificha ili mwanamume ajisikie vizuri.

Siku zilizofuata habari zilivuma. Mhariri wake kwenye shirika la uchapishaji alimwita akiwa na uso wa wasiwasi, akamwuliza kama anatambua amegusa watu gani; Mashoto akamjibu kwamba anatambua, akarudi mezani kwake kuchora. Maofisa wa elimu walitoa tamko kwamba hawatapokea vishikwambi mpaka vitumike na mkono wowote. Maneno ya bango yakafunikwa kwa karatasi nyeupe, mkono ukabaki peke yake juu ya barabara. Na kampuni ikagundua kwamba hakuna aliyeweza kuirudisha sehemu iliyoondolewa isipokuwa yule waliyemfukuza. Walimwita. Alikwenda na sharti: waletwe watu wengi wa mkono wa kushoto, wakubwa kwa wadogo, na kisiuzwe kitu mpaka wao waseme kimekamilika. Mkurugenzi alimsikiliza kwa sauti yake laini, akakubali akiwa amekaza meno.

Mchana wa siku ya kwanza aliporudi kazini, Injinia alimpigia Mashoto. Hakumuuliza kama amekula.

"Habari mbaya ya leo," alisema, "majaribio yote ya asubuhi yameshindwa." Akaaga, akakata.

Kesho yake akapiga tena. Habari mbaya ilikuwa kwamba kinyozi amemharibia nywele. Siku nyingine ilikuwa kwamba ameunguza mayai na sufuria. Siku nyingine, kwamba alikutana na Mwalimu njiani, naye Mwalimu akamsimamisha juani na kumgombeza kama mtoto mchelewaji, kisha akamuuliza kwa nini amekonda. Mashoto mwanzoni alisikiliza bila kusema. Halafu akaanza kuguna. Siku ya habari ya mayai alicheka, akajikuta amecheka, akaiziba simu kwa kiganja asisikike. Baadaye akawa naye anatoa ya kwake: kwamba mhariri amemrudishia picha zote za sura ya tatu, kwamba amekuwa mkali kwa kila mtu, kwamba amepita chini ya madirisha ya karakana na hakupanda.

"Nilikuona," Injinia alisema. "Hiyo ndiyo habari mbaya niliyoshindwa kukwambia jana."

Ikafika siku alipiga, sauti yake imechangamka. "Leo sina mbaya," alisema. "Wamejaribu wote. Watoto walikataa kuvirudisha. Vinaanza kutoka leo."

Mashoto aliaga, akaweka kalamu chini, akamwambia mhariri anatoka. Akampigia mama yake kumweleza anakokwenda na kwa nini. Mwalimu alishtuka. Alimwambia mambo hayo mwanamke hayasemi, anangoja aambiwe.

"Nimengoja kuambiwa mambo mengi, mama," Mashoto alisema. "Hili nakwenda kulisema mwenyewe."

Ukumbi wa mapokezi wa kampuni ulikuwa umejaa. Waliokuja kuchukua toleo jipya walipangwa upande mmoja, wenye vifaa vilivyovunjika upande mwingine, na katikati Injinia alikuwa akipita na katoni mikononi. Alipomwona Mashoto anakuja moja kwa moja kati ya watu, na gauni lake la kazi lenye madoa ya rangi, alisimama.

"Nimekuja kukuposa," Mashoto alisema.

Hakunong'ona. Mhudumu wa mapokezi aliacha kuandika. Mlango wa lifti ulifunguka, Mkurugenzi akatoka na suti yake, akaganda mlangoni.

"Mwanamke haposi," Injinia alisema, si kwa kukataa, ila kama mtu aliyepigwa na butwaa.

"Nani kasema?"

Aliangalia kushoto na kulia, kana kwamba aliyesema yuko kwenye foleni. Hakujitokeza mtu.

"Sijaleta wazee wala mshenga," Mashoto aliendelea. "Nimejileta. Nakupenda, na nimekuchukia wiki hizi zote, na bado nakupenda. Sharti langu ni moja. Jambo baya nilisikie kwako kwanza, kabla halijanikuta njiani. Ukiliweza, nioe. Ukiona huliwezi, niambie sasa hivi hapa mbele ya watu, niende zangu."

Injinia alikumbatia katoni kifuani, mdomo wazi. Mama mmoja mwenye kishikwambi kilichopasuka kioo, aliyekuwa mbele ya foleni, alihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule.

"Mjibu mwenzio, baba," alisema. "Foleni haisogei."

Injinia aliweka katoni sakafuni. "Nimekubali," alisema. "Na sharti nimelikubali."

"Basi twende ukamwambie Mwalimu mwenyewe."

"Kazi yangu haijaisha."

"Itaisha ukitoka," Mashoto alisema. Akamshika mkono, akamwongoza kati ya watu mpaka mlango mkubwa wa mbele, na Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama njiani, akasogea pembeni kuwapisha.